Kiwiko cha Mkazamjomba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mjomba anavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, na Chumba cha Moyo kinaachwa na mtu aliyekitumikia kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa kijana mwembamba wa kubebeshwa mashine nzito kama cherehani. Anatoka akiwa na tumbo la heshima, miwani anayoisahau kila mahali, na wapwa tele. Wala si ndugu wa damu wa yeyote kati yetu. Yeye ndiye aliyeanza kutuita wapwa, nasi tukabaki hatuna jina jingine la kumwita ila Mjomba, mpaka wagonjwa nao wakalidaka.

Jarida letu la hospitali lilitaka makala haya wiki iliyopita. Mhariri amenipigia simu mpaka nikawa namkwepa kwenye korido. Samahani, mhariri, lakini nisingeweza. Kila nilipofika kwenye ile sehemu ya kumtakia mstaafu maisha mema na marefu, mkono uligoma, maana hayo marefu hatukuwa na uhakika nayo. Tulikuwa tumekaa roho juu tukisubiri jambo moja: Mjomba akubali kulala na barakoa ya kusukuma hewa kabla mkewe hajasafiri. Sasa jibu limepatikana, na naandika mbio kabla sijaanza kuhangaika upya.

Yote mtakayosoma hapa yameandikwa kwa ruhusa yake, tena kwa amri yake. Alisema nikimwandikia sifa tupu za kupaka mafuta, sherehe yenyewe haji. Mnamjua.

Kwa wenzetu wa idara nyingine mnaopita mlangoni na kudhani tunashinda tukichora milima, kazi yetu ni hii. Tunambandika mgonjwa vibandiko kifuani, nyaya zinachukua umeme mdogo wa moyo, na kila pigo linatokea kwenye skrini kama kilele kimoja. Wengi wakishahesabu vilele wanaona wamemaliza. Mjomba ndiye aliyetuonyesha kwamba ndani ya vilele hivyohivyo pumzi nayo imo. Mtu akivuta hewa, kifua kinapanuka, moyo unasogea kidogo mahali pake, na vilele vinabadilika urefu. Akiishusha, vinarudi. Mwendo nao hivyohivyo: hewa ikiingia moyo unakazana kidogo, ikitoka unapoa. Kwa hiyo ukiwa na rekodi ya moyo ya mtu aliyelala, unayo na ya pumzi yake, bila kumwekea mpira puani wala kumfunga mkanda kifuani.

Leo kompyuta inafanya hivyo yenyewe. Zamani ilikuwa macho ya Mjomba na kidole chake. Alikuwa anapitisha kidole juu ya vilele, kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, huku mdomoni akisema anavuta, anatoa, anavuta, anatoa. Ukikaa naye muda mrefu unajikuta na wewe unapumua kwa zamu ya mgonjwa. Mwanagenzi mmoja wa kike alipata kizunguzungu kwa sababu mgonjwa aliyekuwa anamsoma alikuwa anapumua haraka mno. Akakalishwa nje, akapewa maji ya sukari, na Mjomba akamwambia eti huyo ndiye mwanafunzi anayemtaka.

Kukaa sasa. Kama kuna jambo moja ambalo jengo zima linalijua kuhusu Mjomba, ni kwamba hakai. Chai anakunywa amesimama. Ripoti anaandika amesimama, karatasi ameiweka juu ya kabati. Kwenye vikao anasimama nyuma karibu na mlango, mguu nje mguu ndani, na mwenyekiti akimwonyesha kiti anashukuru na kubaki palepale. Kiti chake pale ofisini tuligawana zamani, mgongo wa mpira uko kwa karani wa mapokezi na magurudumu yako kwenye meza ya dawa. Tulimtania mpaka utani ukachakaa. Wengine walisema ana mchwa miguuni. Mimi nilisema alizaliwa kwenye foleni. Naye alikuwa anacheka na kuendelea kupiga hatua, huku na huku, mpaka sakafu ya mbele ya dirisha letu imepauka rangi.

Mara chache alizobanwa akakaa, mambo yakawa mambo. Mgeni rasmi alikuja kutufungulia jengo jipya, Mjomba akawekwa mstari wa mbele kwa heshima ya utumishi wake, na hotuba haijafika kwenye shukrani, mtu anakoroma. Tena si kukoroma kwa haya. Mgeni rasmi akanyamaza, akadhani ni jenereta. Siku nyingine alilala amesimama kwenye foleni ya chai, kikombe mkononi, akaenda mbele na foleni kana kwamba yuko macho. Mnazikumbuka hadithi hizi, tumezisimulia kila mwisho wa mwaka, na kila mara tulishika mbavu. Nazirudia hapa kwa sababu siku hizi hazinichekeshi sana, na mkisoma mtaona kwa nini.

Turudi kwenye sifa, maana sifa anazo. Mnajua kitanzi cha Mjomba? Kila waya unaotoka kwenye kibandiko, kabla haujashuka kwenye kile kisanduku cha kurekodi ambacho mgonjwa anakwenda nacho nyumbani, tunaukunja duara dogo na kuubana kwa plasta kwenye ngozi. Mgonjwa akijinyoosha, duara ndilo linalovutwa, kibandiko hakibanduki. Wodi zote zinafanya hivyo sasa, na hospitali za jirani wametuiga. Hilo ni lake. Alilibuni baada ya kujipima mwenyewe nyumbani na kuamka asubuhi kibandiko cha mbavu za kushoto kimening'inia. Kila akijipima, kilekile. Akalaumu gundi. Akaenda stoo akamkabili mtunza stoo, akamwambia unatuletea vibandiko vya kubandikia kalenda. Mtunza stoo naye si mtu wa kumeza maneno, akampa vidonge vyake. Ugomvi wao umedumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Wamekuwa wakisalimiana kwa kikohozi.

Halafu kuna Mfano. Hapa ndipo penyewe.

Kila aliyepita mikononi mwa Mjomba alianza na Mfano, rekodi ya usiku mmoja inayoonyeshwa kwenye skrini kubwa ya ukutani. Juu yake pameandikwa: Mwanamume, mzima, amelala. Tulikuwa tunaitumia kujifunza kitu cha kawaida kinafananaje, ili tukikutana na kisicho cha kawaida tukijue. Kwenye Mfano pumzi inakwenda, inakwenda, kisha vilele vinalala bila kupanda wala kushuka, moyo unapoa polepole, linatokea doa la kukwaruzika kwenye mstari, halafu moyo unatimka na pumzi inarudi. Mjomba alitufundisha kwamba mtulivu akilala usingizi mzito hupumzisha pumzi kidogo, na lile doa ni kwamba amejigeuza kitandani. Tuliamini. Nani angebisha? Kama mtu mzima anapumua hivyo, basi ndivyo watu wazima wanavyopumua.

Mwaka huu ikaja programu mpya ya kompyuta ya kusoma pumzi kwenye rekodi za moyo. Daktari wetu mkuu, mama mpole lakini kichwa kigumu, akasema tuijaribu kwa rekodi tunazozijua. Tukaingiza Mfano kwanza. Skrini ikawa nyekundu. Si doa moja wala mawili, nyekundu mwanzo mpaka mwisho, ikituambia mtu huyu anakatika pumzi usiku kucha na atafutwe haraka. Tulicheka jamani! Tukasema programu imeletwa mbovu, irudishwe na boksi lake.

Mjomba hakucheka. Alikuja juu kweli. Alisema mashine haijui lolote, inataka kuwatia watu wazima ugonjwa, na kwamba yeye hatafanya kazi chumba kimoja na kitu cha namna hiyo. Hatukuelewa amewaka kwa sababu gani. Daktari akaweka rekodi nyingine, za kwetu wenyewe, wafanyakazi tuliojipima kwa ajili ya majaribio. Zikatoka kijani, yangu, ya karani, ya muuguzi wa zamu. Akarudia Mfano. Nyekundu. Nikamuuliza Mjomba huyu wa kwenye Mfano ni nani, na yuko wapi siku hizi. Mjomba akasema anakwenda stoo mara moja, akaondoka. Stoo! Kwa mtu wanayesalimiana naye kwa kikohozi.

Alipokuwa huko, mkewe akaingia. Sisi tunamwita Mkazamjomba, na yeye anaupenda sana wito huo, anasema watoto wake wa kuzaa hawamheshimu hivyo. Alikuwa ameleta miwani, Mjomba ameisahau tena juu ya friji. Siku zote alikuwa anaishia mapokezi, siku hiyo karani akampitisha ndani. Akasalimia, akaweka miwani mezani, macho yake yakavutwa na skrini kubwa, maana ilikuwa inatembea. Akauliza ile milima ni nini. Mjomba aliwahi kunibatiza jina la Kiherehere na sijawahi kulikana, kwa hiyo nilimweleza yote kabla Daktari hajafungua kinywa. Nikamwonyesha hapa mtu anavuta hewa, hapa anatoa. Hapa imekatika. Hapa imerudi.

Mkazamjomba akasimama akitazama. Milima ikawa inapita. Pumzi ikakatika, mstari ukalala, na tulipofika kwenye doa, kiwiko chake cha kulia kikaruka. Kidogo tu, kama mtu anayesukuma mlango mikono ikiwa na mizigo. Nikadhani bahati. Pumzi ikakatika tena, na kabla doa halijatokea kwenye skrini, kiwiko kikaruka tena. Na tena. Alikuwa anajua doa linakuja lini.

Akasema, bila kututazama: «Huyo ni mume wangu. Na hapo ndipo ninapompiga.»

Akatueleza akiwa amesimama, mkoba begani. Tangu watoto wakiwa wadogo, mwenzake analala, anakoroma, kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiko kunakomwamsha yeye. Anasubiri. Pumzi isiporudi anampiga kiwiko mbavuni, mzee anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, anaendelea kulala. Usiku kucha. Alimwambia mara nyingi, baba fulani, unakata pumzi, nenda ukapimwe. Na baba fulani akamjibu kila mara kwamba ameshajipima, rekodi yake ni safi, wanafunzi wanaisomea. Mtu utabishana na nini hapo? Basi akaendelea na kiwiko chake. Alisema amezoea. Alipokuwa akisema hivyo nilimtazama usoni, na nikaona uchovu ambao siku zote nilidhani ni umri.

Mjomba alirudi kutoka stoo akamkuta mkewe ameweka kidole kwenye doa. Alitazama skrini, akamtazama mkewe, akatazama skrini. Kisha akafanya jambo ambalo hatujawahi kuliona: alivuta kiti cha wagonjwa akakaa. Daktari akaanza kuzungumza naye kwa upole, kwamba hili linatibika, kwamba si aibu, na hakufika mbali, maana kichwa cha Mjomba kilikuwa kimeshainama. Amelala. Mchana kweupe, katikati ya habari kubwa kuliko zote za maisha yake. Kumbe hakukaa miaka yote hiyo kwa sababu akikaa tu usingizi unamchukua, mtu asiyelala usiku atafanyaje? Tukamsikia akikoroma. Tukamsikia akinyamaza. Chumba kizima tulishika pumzi pamoja naye. Mkazamjomba akajisogeza, akampiga kiwiko.

Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema.

Mngedhani mtu akishaambiwa hivyo anakimbilia dawa. Si Mjomba. Daktari alimwandikia kimashine cha kusukuma hewa, barakoa yake na mpira wake, akakipokea kwa mikono miwili, akakipeleka nyumbani, akakiweka juu ya kabati la nguo ndani ya boksi lake bila hata kukata plasta. Alisema yeye atakuwa wa mwisho. Kwanza wale wengine.

Wale wengine ni wagonjwa ambao sisi, tuliofundishwa kwa Mfano, tuliwasoma tukawaambia nendeni, mko sawa. Mjomba aliomba rekodi zote za zamani zipitishwe upya kwenye ileile programu aliyotaka irudishwe. Alikuja kabla ya wafagiaji, alikula wima, hakutaka kusikia habari ya likizo yake ya kustaafu iliyobaki. Nyekundu ikitokea, yeye mwenyewe anapiga simu. Sikuwahi kumsikia akijificha nyuma ya maneno. Anasema jina lake, anasema nilikusoma vibaya, tafadhali njoo. Wengine walimtukana. Wengi walikuja. Mtunza stoo akajitolea kuwatafuta waliobadilisha namba, na siku alipoleta orodha ya kwanza Mjomba alimwomba radhi kwa ajili ya gundi, mbele yetu sote. Gundi ilikuwa nzuri. Kilichokuwa kinabandua kibandiko ni kiwiko.

Katika waliokuja alikuwemo dereva wa lori, jitu la miraba minne, lililokwisha kugonga geti la kiwanda na ukuta wa shule kwa kusinzia. Akapewa kimashine kama cha Mjomba. Wiki iliyofuata alirudi na tabasamu la kuvuka masikio, akamshika Mjomba mkono akaung'ang'ania, akamwambia mzee, nimelala, nimeota ndoto, nilikuwa nimesahau kama ndoto zipo. Mjomba akafurahi, akampa somo lake la kutoacha hata usiku mmoja. Dereva akasikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza: na wewe mzee, barakoa ya kwako unaionaje, inakubana puani au iko sawa? Nani alimwambia? Mimi namshuku karani, karani ananishuku mimi. Sote tukapata kazi za ghafla za kupanga nyaya.

Hata hivyo hakuivaa. Alisema barakoa inamfanya ajione mgonjwa, na kwamba miaka yote kiwiko kimetosha. Hilo la kiwiko kutosha ndilo lililonitoa usingizi mimi. Binti yao wa kwanza anaishi mbali, ana mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mkazamjomba alikuwa ameahidi kwenda kumpokelea mtoto. Alifunga sanduku, akalifungua. Akalifunga tena. Alinipigia simu mimi akaniuliza, nikienda, nani atampiga? Nikikaa, nani atamshika mwanangu mkono? Binti naye alikuwa analia kwenye simu, hajui mama anasitasita kwa nini, anadhani ana kosa. Na Mjomba, jamani, Mjomba alikuwa anasema nenda tu, mama, mimi nitakuwa salama. Tena alisema hayo mbele ya mtu aliyemrudishia pumzi kwa mkono wake nusu ya maisha yao.

Nilimfuata, kiherehere changu chote nikakibeba. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikamkuta mbele ya dirisha amesimama palepale sakafu ilipopauka, simu mkononi, amemaliza kuzungumza na binti. Binti alikuwa amemwambia basi, mama asije, atazaa akisaidiwa na majirani. Mjomba alinigeukia akasema hawezi kumnyang'anya mtoto mama yake kwa ajili ya ukaidi. Akaniambia niandae vibandiko, kisanduku kimoja na betri mpya. Nilikuwa na maneno yangu makali mdomoni na sikupata pa kuyaweka.

Nilimbandika mwenyewe. Nikakunja kitanzi chake kikatoka kama sikio la mbuzi, akakicheka akakikunja upya. Alikwenda nyumbani na kisanduku kiunoni, na jioni hiyo, kwa ushahidi wa Mkazamjomba, plasta ya lile boksi ilikatwa. Walikorofishana juu ya kamba ya barakoa, ipite juu ya masikio au chini. Kisha taa ikazimwa.

Asubuhi alitukuta mlangoni. Hakuna aliyekuwa amekunywa chai. Daktari alichomeka kisanduku kwenye kompyuta, na tukaona vilele vinapanda, vinashuka. Vinapanda, vinashuka. Kijani. Tukasogeza mbele. Kijani. Mtunza stoo, aliyekuwa hana kazi yoyote pale, akaanza kusema anavuta, anatoa, anavuta, anatoa. Nilikuwa karibu kupiga vigelegele, na hapo, kuelekea alfajiri, doa. Lilelile. Kukwaruzika kwa mstari ubavuni kushoto, kibandiko nusura kibanduke.

Nyie! Tukarudisha nyuma. Kabla ya doa pumzi ilikuwa inakwenda vizuri, mawimbi mazuri ya kupendeza. Baada ya doa, moyo ulitimka kidogo, kisha pumzi ikaendelea vilevile, shwari. Programu haikuona kasoro yoyote. Daktari hakuelewa. Mjomba akapiga simu nyumbani, akaweka sauti ya wote, akamuuliza mkewe usiku kulikuwa na nini.

Mkazamjomba alisema aliamka kabla ya kukucha, na kulikuwa kimya. Hapakuwa na kukoroma, hapakuwa na kukatika, hapakuwa na kishindo. Hajawahi kusikia kimya kama kile kitandani kwake. Akajua mume wake amekufa. Basi akampiga kiwiko kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na mzee akafungua macho juu ya barakoa akauliza kuna nini. Akamwambia hakuna kitu, lala. Yeye akalala pia, akasema, mpaka jua likamkuta.

Jana Mkazamjomba alisafiri. Kabla hajapanda basi alinipa maagizo, nimeyaandika kwenye kiganja. Kila asubuhi, mpaka atakaporudi, Mjomba atatuma rekodi na Chumba cha Moyo kitaisoma. Ya leo nimeshaisoma. Ni kijani, na haina doa hata moja.

Mfano wa zamani tumeutoa ukutani, na mpya, wa usiku ule wa kwanza wa barakoa, umechukua nafasi yake. Daktari alitaka tulikate lile doa la alfajiri ili wanafunzi wasichanganyikiwe. Mjomba akakataa katakata. Maandishi ya juu ni ya mkono wake: Mwanamume, mgonjwa anayetibiwa, amelala. Chini ya doa, mahali ambapo miaka yote tulisoma kwamba amejigeuza, ameandika: Hapa mke wake ameogopa.

Mjomba, asante kwa macho yako na kidole chako. Asante kwa kitanzi, na zaidi asante kwa zile simu ulizozipiga mwenyewe. Siku zako za mapumziko ziwe nyingi, na mjukuu akifika salama umfundishe kulala. Ijumaa tumekuwekea kiti mstari wa mbele, tumekiunganisha upya, mgongo na magurudumu yake yote. Hotuba zitakuwa ndefu. Kaa, Mjomba. Ukisinzia, mimi nitakuwa kiti cha kushoto kwako, na nimeshaelekezwa la kufanya.

Kiherehere, kwa niaba ya wapwa wote wa Chumba cha Moyo